Mawe Niliyoyafukia Jivuni

Wayua mjukuu wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, umetoka hapa sasa hivi ukaubamiza mlango kama mtu anayefukuza kuku, ukaenda kuwaaga wenzako wa kanisani, na nimekusikia ukicheka mpaka kule bondeni. Yangu nayo huhitaji kuambiwa. Nimekaa kwenye kigoda nje ya jikoni, daftari lako la zamani liko magotini, na kalamu uliyonipa inavuja. Ukiona doa la wino usidhani ni machozi. Mimi si mtu wa kulilia karatasi.

Kesho asubuhi unaenda Emali. Mambo ya nguo, chakula na saa ya kuingia nyumbani jioni mama yako amekuambia wiki nzima, hata mimi nimechoka kuyasikia. Mimi sina maagizo ya sabuni. Nina jambo moja tu, nimelikalia miaka thelathini, na nisipokuambia utalijua huko, kutoka mdomo wa watu wengine, ukiwa umekaa mezani kwao na kijiko mkononi. Sitaki iwe hivyo. Ulijue kutoka kwangu, halafu uamue mwenyewe kama bado mimi ni susu yako, bibi yako.

Naandika kwa Kiswahili. Najua utashangaa, maana nikikugombeza nakugombeza kwa Kikamba, na Kikamba ndicho kinachouma. Lakini kuandika nilijifunza kwa ngumbaru, nikiwa na mvi tayari, na mwalimu wetu alitufundisha Kiswahili. Iko sababu nyingine pia. Wenye duka unakoenda wakitaka kuisoma barua hii, nataka waisome wenyewe, wasitafute mtu wa kuwatafsiria akaongeza chumvi yake.

Wiki tatu zilizopita ulirudi kutoka Emali, kwa yule mama mwenye duka la redio, Zuhura, ukaingia hapa ukiimba. Ulisema amekukubali, ufanye kazi dukani na ukae kwake. Alikuwekea mbele redio iliyokufa akakuambia uifungue, ukaifungua, ukaona kilichoiua. Ulisema betri za magari zimepangwa sakafuni zinachajiwa, za watu wenye televisheni huko vijijini, na mlangoni kuna baba yake Zuhura, mzee sana, amekaa kwenye benchi. Kazi yake siku hizi ni kuwatoa nje madereva wa malori wanaoingia na sigara mdomoni, maana betri ikichajiwa inatoa hewa inayoshika moto. Anawagonga magoti kwa fimbo. Wao wanacheka, wanamwambia sigara ni yao na mapafu ni yao, naye anawajibu kwamba paa ni lake. Ulicheka sana ukinisimulia hayo.

Halafu ukasema mzee alikuuliza jina. Ukamwambia Wayua. Akauliza Wayua wa wapi, ukasema wa Kasikeu. Ukasema alikutazama usoni muda mrefu, akauliza kama jina hilo ni la bibi yako. Ukamwambia ndiyo. Naye akasema, "Mwambie bibi yako Abdalla anamsalimu."

Ulinipa salamu hizo kama mtu anayempa mwenzake kikombe cha maji. Nilikuwa nachambua kunde. Nilikuambia nimezipokea, kisha nikakugombeza kwa sababu viatu vyako vilikuwa na matope. Viatu vyako havikuwa na matope.

Hadithi ya jicho la mama yako unaijua. Umekua nayo kama ulivyokua na ukuta wa nyumba hii. Kwamba zamani, Nduku akiwa na miaka saba, Mswahili mmoja mwenye duka sokoni alituuzia mawe mabovu, betri za redio, jiwe likamlipukia mtoto mkononi likamtoa jicho. Kwamba bibi yako alikwenda kumkabili mbele ya soko zima, peke yake, bila kuogopa, mpaka yule mtu akahama. Watu wanaisimulia hiyo habari wakinisifu. Hata mhubiri aliwahi kuitaja, nami nikakaa kwenye kiti changu nimenyoosha shingo.

Hukujua kwamba Mswahili huyo ndiye mzee wa kwenye benchi. Ungejuaje? Hapa kwetu hakuna aliyelitaja jina lake tena. Tulimwita Mswahili, basi.

Sasa sikiliza. Hadithi hiyo ni ya uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Babu yako Musyoka alikuwa Changamwe, kule pwani, akipakua magunia. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Alikuwa ameniletea redio, nyeusi, imevishwa ngozi kama kiatu, na ukiondoa ya mwalimu wa shule hapakuwa na nyingine upande huu wa mto. Ilikula betri nne kwa mara moja, zile ndogo, ambazo sisi tuliziita mawe na bado tunaziita mawe. Aliniachia redio akarudi kazini, na mwaka ukapita hajaonekana, na wa pili ukaingia. Barua zilikuja. Yeye hakuja.

Wake za ndugu zake wakaanza kunitazama na ile huruma. Unaijua huruma ya watu wa hapa, wanakuletea maboga usiyoyaomba na wanakaa muda mrefu. Walikuwa wanasema Musyoka ana nyumba nyingine huko pwani. Hawakuniambia mimi. Waliambiana wakihakikisha nasikia.

Sitakudanganya, nilimtaka mume wangu. Sikuzitaka barua zake, zile zilisomwa na mwalimu, zikawa na sauti ya mwalimu. Nilikitaka kikohozi chake cha asubuhi. Alikuwa na namna ya kukohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango, kama anayewaomba mbuzi ruhusa. Nikiamka nilikuwa nakaa kitandani nasubiri kikohozi hicho, na ninajua hakipo, na nasubiri tu. Wewe bado ni mdogo, hujui mtu anavyoweza kukosa kitu kidogo kama hicho mpaka akapata wazimu. Utajua. Kuanzia kesho mimi nitakuwa nasubiri mlango ubamizwe.

Basi ikaja barua ikisema Jumamosi, saa kumi alasiri, nifungue redio kipindi cha salamu. Alikuwa ametuma kadi. Jina langu lingesomwa, na la Nduku, na wimbo ungepigwa ambao yeye mwenyewe aliuchagua. Mwalimu alipomaliza kusoma nilimwambia airudie. Nikatoka pale nikaenda boma kwa boma kuwaalika wote waliokuwa wananihurumia. Niliwaambia waje kunywa chai wamsikie Musyoka akimsalimu mke wake, na neno mke nililivuta kidogo.

Taabu ilikuwa mawe. Yale yaliyokuwa ndani ya redio yalikuwa yamechoka, sauti ilitoka kama ya mtu mwenye homa. Jumamosi asubuhi nikaenda kwa Abdalla. Alikuwa na duka dogo mwisho wa soko, sukari, mafuta ya taa, nyembe, mawe. Mtu mpole, mwembamba, mwenye mtoto wa kike umri wa Nduku, ndiye huyo Zuhura. Nikamwambia anipe mawili.

"Mama Nduku," akaniambia, "mawili hayakusaidii. Ukichanganya mapya na yaliyochoka, yale yaliyochoka yatayamaliza mapya, yafe yote. Weka manne mapya, ama subiri."

Nikamwambia redio ni yangu na naijua. Akayafunga yale mawili kwenye gazeti, na akinipa mkononi akasema, "Na yale ya zamani usiyatie motoni. Najua mnavyofanya. Hata jivuni usiyatie."

Hilo la "najua mnavyofanya" ndilo lililonichoma. Kwa sababu ni kweli tulifanya. Umeona mwenyewe, mpaka leo watu wanafanya. Jiwe likichoka unalianika kwenye bati juani tangu asubuhi, na mchana linaongea tena kidogo. Siku ya mawingu unalifukia kwenye jivu la vuguvugu pembeni ya mafiga. Tuliona ni kama mtu aliyepigwa na baridi, umpashe moto ainuke. Lakini kuambiwa na mtu wa kuja, mbele ya wanawake wengine waliokuwa wanapima sukari, hapana. Nilimjibu kwamba kwake ni duka na kwangu ni jiko, na sijamwita kunifundisha kupika. Wale wanawake wakacheka. Nikatoka pale nikitembea kama nimevaa taji.

Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito. Nikachagua mawe mawili ya zamani yaliyokuwa na nafuu, nikayafukia jivuni, nikiwaza nitayatoa saa tisa na nusu. Wageni wakaja mapema. Watu wa kukuhurumia huja mapema. Nikakaa nao nje chini ya ukingo wa paa, nikawa nawaeleza habari za Changamwe, mahali ambapo sijawahi kufika, nikawaeleza nyumba za huko na bahari ilivyo. Nilikuwa nasikia raha, Wayua. Miaka miwili sikuwa nimesikia raha ile. Na katikati ya maneno yangu, bila hata kugeuza kichwa, nikamwita Nduku nikamwambia aongeze kuni, chai inachelewa.

Mtoto akaongeza kuni. Alikuwa na bidii, kama wewe. Akazisukuma ndani kabisa, akainama kupuliza.

Watu husema ulikuwa mlio kama wa bunduki. Si kweli, hawakuwa wanasikiliza. Ulikuwa kama kofi. Kofi moja, halafu kimya, halafu mtoto.

Mimi nilifika wa kwanza. Nduku alikuwa amekaa chini, mikono usoni, na kitu cheusi kinatoka katikati ya vidole. Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Kabla sijamshika mtoto wangu, niliparaza jivu kwa mguu nikalifunika lile jiwe la pili. Ndilo jambo la kwanza nililofanya. Mtoto analia, na mguu wangu unafunika. Halafu ndipo nikamwinua.

Wenzangu wakaingia wakipiga kelele, nini, nini, nini. Kwenye kigoda palikuwa na yale mawe mawili mapya, bado yamefungwa gazeti. Nikayaonyesha kwa kidole nikasema, "Ni mawe ya Mswahili." Sikusema zaidi ya hilo. Sikusema yalikuwa mkononi kwa mtoto, sikusema yalilipuka yenyewe. Hayo walijenga wao, nami nikawaachia wajenge, nikahamia ndani. Lile la jivuni nililitoa jioni nikalitupa chooni. Na kama duka lile lingekuwa la Mkamba mwenzetu, mwana wa fulani, wangeniuliza maswali mawili matatu na ningeshindwa. Kwa Abdalla hakuna aliyeuliza. Hilo nililijua wakati nasema. Usije ukadhani sikulijua.

Jicho la kushoto hawakuweza kuliokoa. Tulipanda lori la mahindi mpaka hospitali, na daktari akaniuliza mtoto aliumia vipi, nikamwambia yale yale. Kufikia hapo yalitoka laini kabisa.

Siku ya soko iliyofuata nilimbeba Nduku mgongoni, amefungwa bendeji nusu ya uso, nikasimama mbele ya duka la Abdalla. Unajua sauti yangu. Ilikuwa bado na nguvu zake zote. Nilimwita muuaji wa watoto. Nilimwambia anauza sumu na kusali mara tano. Soko lote likaacha kuuza likaja. Yeye akatoka, akamtazama mtoto kwanza, na nikaona uso wake unabadilika kama mtu aliyepigwa tumboni. Kisha akanikaribia, akaniuliza polepole, mimi tu nisikie, "Wayua, uliyatia jivuni?"

Nikapiga kelele zaidi. Hakuuliza tena. Angeweza kuwaambia wote pale kwamba alinikataza, na wale wanawake wa sukari walikuwepo, walisikia kwa masikio yao. Hakusema. Nao hawakusema. Sijui kwa nini yeye alinyamaza. Nimefikiri miaka yote hii na sijui. Labda alimwona mtoto akaona yatosha.

Watu wakaacha kununua kwake. Watoto wakawa wanarusha mawe, ya kweli haya, juu ya bati lake. Kabla ya mvua za vuli akapakia vitu vyake kwenye gari akaenda. Tuliambiwa yuko Emali. Tangu siku hiyo sijakanyaga Emali. Uliniuliza ukiwa mdogo kwa nini nikipita pale kwa basi nainama kama natafuta kitu chini ya kiti. Nilikuambia ni vumbi.

Na babu yako alikuja, ndiyo. Aliomba ruhusa kazini akaja kwa sababu ya jicho. Hivyo ndivyo nilivyompata mume wangu, nikakisikia kikohozi mlangoni, mara mbili, na nikashindwa kuinuka kumfungulia. Kwenye siku za kwanza, tulipokuwa peke yetu, akaniuliza kama nilimsikia kwenye redio. Redio haikuwashwa siku ile. Nikamwambia nilisikia. Akauliza, na ule wimbo? Nikamwambia ulikuwa mzuri. Alifurahi mno. Miaka yote mpaka anakufa alikuwa akikumbuka ananiambia, wimbo wangu ule, na mimi naitikia. Sijui ulikuwa wimbo gani. Kuna siku napita mahali redio inaimba nyimbo za zamani nasimama, nawaza, labda ndio huu. Namsubiri Musyoka ndani ya nyimbo za watu wengine. Ni ujinga, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa nifike kwako. Kijana aliyekuzaa alikuwa mtu wa Malili, na wazee wake walikuja hapa mara moja wakakaa, wakanywa, wakamtazama mama yako. Hawakurudi. Walipeleka maneno kwamba nyumba yao haitaki mke mwenye jicho moja. Ndio maana ulizaliwa kwangu, na ndio maana ulipewa jina langu badala ya jina la mama yake yule kijana. Nimejivunia jina hilo. Nilikuwa nakuita uani kwa sauti ya juu ili nilisikie mwenyewe. Na kila nilipokuita nilijua ulilipata kwa njia gani. Ningekuwa nimekumbuka kuyatoa mawe yale, wewe ungekuwa na jina lingine na ungekuwa unaamka kwenye boma lingine. Mtu anawezaje kujuta jambo kama hilo? Namtaka Nduku na macho yake mawili, na wewe nakutaka hapa. Siwezi kuvipata vyote viwili hata kwa mawazo.

Nimekugombeza sana juu ya mawe ya redio tangu uanze kwenda chuo cha ufundi. Ulidhani ni uzee. Nilipokukuta unayang'ata kwa meno eti yaongeze nguvu, nilikuchapa na mwiko, na ulikuwa mkubwa wa kutosha kuolewa. Ulipoyatia mfukoni pamoja na funguo, yakashika moto, ukarudi umeungua paja, nilikutukana kabla ya kukupaka mafuta. Siwezi kukuomba msamaha kwa hayo. Ulistahili. Lakini ujue nilikuwa namchapa nani.

Hapo dukani utajifunza mengi zaidi kutoka kwa Zuhura kuliko ninavyoweza kukuambia. Mimi nakuambia upande ule mwingine wa meza, upande wa anayenunua, kwa sababu huo naujua. Mtu atakuja na redio imeoza ndani, mawe yamevujia humo miezi sita, atakuambia mliniuzia kitu kibovu. Atakuja mwingine na betri imepasuka, ataapa kwa mama yake kwamba hakufanya kitu, aliiweka tu. Amefanya. Aliichaji kwa waya wa kuunga mwenyewe, ama aliisogeza karibu na jiko, ama alichungulia ndani na kiberiti. Na atapiga kelele, na kadiri anavyopiga kelele ndivyo anavyojua. Usishindane naye kwa sauti. Muulize polepole, kama nilivyoulizwa. Mwachie nafasi ya kujibu bila watu kumsikia. Mimi niliachiwa nafasi hiyo, upana wa kiganja, nikaipiga teke. Labda yeye ataichukua.

Na ukimwuzia mtu mawe, mwambie kama Abdalla alivyoniambia, hata akikudharau. Mwambie mara moja, vizuri, kisha mpe vyake. Jiwe halijui kwenda jivuni lenyewe. Lakini, Wayua, usimwambie "najua mnavyofanya." Hilo moja Abdalla alikosea. Mwenye kiburi ukimwambia hivyo atakwenda kulifanya hata kama hakukusudia. Namwambia hivyo mzee nikimheshimu.

Wale madereva na sigara zao watakucheka zaidi kwa kuwa wewe ni msichana. Watoe nje tu.

Leo asubuhi, ulipokuwa kisimani, nilimwambia mama yako. Sikutaka ayasikie baada yako. Alikuwa anakunja ile blanketi yako, nikamwambia aketi, akakataa kuketi, nikamwambia akiwa amesimama hivyo hivyo. Nilimweleza yote, mpaka mguu. Aliendelea kukunja. Alikunja mara moja, akaifungua, akaikunja tena. Nilingoja anipige. Ningemwacha.

Akaniuliza, "Na salamu zilisomwa?"

Nikamwambia sijui. Redio haikuwashwa. Nikamwambia hata babu yako alikufa akidhani nilisikia.

Jicho lake lile zima likanitazama, nikaona ni jicho la mtu mzima mwenye mvi zake, si la mtoto wangu tena. Akasema, "Basi hata wewe hukupata ulichokitaka." Akaiweka blanketi kwenye begi lako akatoka kwenda shambani, na mpaka sasa hajarudi, na jua limeanza kupinda. Namwona kutoka hapa. Analima mahali ambapo pameshalimwa. Sikumwendea. Akitaka kunitukana atarudi, akitaka kunyamaza ana haki nayo, ni yake. Siku utakayorudi kututembelea usimwulize kitu. Mpikie.

Sasa wewe. Barua hii nitaiweka ndani ya begi, chini ya blanketi, utaiona ukifika. Nimefikiri nikupe mkononi, lakini najijua, ukianza kusoma mbele yangu nitakukatiza, nitajitetea. Ukimaliza kusoma, utakuwa umekaa kwa watu ambao jina lako liliwafukuza kwao. Walijua, na wakakukubali hivyo hivyo. Zuhura alijua, hakuna njia ambayo hakujua, alikuwa ndani ya gari lile akiwa na miaka saba. Kama utaona aibu ya kukaa pale, kaa na hiyo aibu, si yako, itapungua. Kama utanichukia, nichukie, lakini uniandikie kwamba umenichukia. Usininyamazie. Kunyamaziwa nimekula kwingi miaka ile ya Changamwe na najua ladha yake, na nyumba hii kesho itakuwa kubwa kama kanisa siku ya Jumatatu.

Usimwombe mzee Abdalla radhi kwa niaba yangu. Nakukataza kabisa. Hata ukimwona anakuangalia, hata ukihisi anangoja. Mwambie tu salamu zake zilifika. Siku ya soko nitapanda gari, nitashuka Emali, na sitainama. Nilimtukana mbele ya soko, na nitasema mbele ya soko, saa ambayo watu wamejaa, kwa sauti ile ile. Imepungua, lakini nitaisukuma. Watakuwepo watu wa Kasikeu waliokuja kuuza mbuzi, na wasikie, na warudi nayo nyumbani. Kama nitakufa kabla ya siku hiyo, hapo ndipo umsomee barua hii. Lakini sina mpango wa kufa wiki hii.

Ukiniona nasimama mbele ya duka, usitoke. Usije kunishika mkono wala kunivuta ndani kunifichia aibu. Endelea na kazi yako hapo ndani, fungua redio ya mtu, fanya kama mimi ni mteja. Nikimaliza, kama mzee atanijibu, atanijibu. Kama hatanijibu, nitakaa chini hapo nje ya duka mpaka gari la kurudi lije, na wewe ukipata nafasi uniletee maji.

Susu yako,
Wayua